Umeumia ku kazi: kushitaki patroni ao kuacha?



Nyumba nyingi za koperative zetu, kuanzia Mutshatsha mpaka Lubudi na Fungurume, zinasimama juu ya miguu miwili. Mguu mmoja ni shamba. Wa pili ni kazi ya mshahara: mtoto ao bwana anapiga kazi ku sosiete ya shaba na kobalti, ao kwa kampuni ndogo inayokodiwa na sosiete ile. Siku mguu wa pili unavunjika, wa kwanza njo unabeba uzito wote. Mahindi ya mbegu yanauzwa, mbuzi wanaenda, na makuta ya koperative yanaombwa haraka juu ya hopitali.

Halafu mashauri yanaanza. Mmoja anasema: «Bashitaki! Batakulipa mingi.» Mwingine anasema: «Achana nabo, ndugu. Beko na bavokati kumi, weye uko na jembe.» Wote wawili wanasema mbio sana. Kushitaki si ujinga, na kuacha si woga. Lakini mtu anachagua vizuri kama anajua kuko milango gani, kila mlango unaomba nini, na saa gani unafungwa. Tueleze polepole.

Mlango wa kwanza si korti

Watu wengi wanafikiri malipo ya ajali yanatoka kwa juji tu. Si vile. Mu inchi yetu mlango wa kwanza ni CNSS, ile ambayo wazee wanaendelea kuiita INSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inasema patroni anapashwa kuandikisha wafanyakazi wake na kulipa kila mwezi. Patroni analipa 13% ya mshahara, na mfanyakazi anakatwa 5%. Ndani ya ile 13, kuko 1.5 ya hatari za kazi. Maana yake, makuta ya kumusaidia anayeumia yanakatwa kila mwezi, mbele hata ajali haijatokea.

CNSS inaangalia mambo matatu makubwa: matunzo ya munganga, malipo ya siku ambazo mtu hawezi kufanya kazi, na malipo ya ulemavu ukibakia. Ulemavu ukiwa mdogo analipwa mara moja. Ukiwa mkubwa anapata pensheni. Mfanyakazi akikufa, mjane na watoto beko na haki yabo.

Mambo mawili hapa batu mingi habayajui. La kwanza: CNSS haikuulizi kosa ni la nani. Hata kama weye mwenyewe uliteleza, ajali iliyotokea juu ya kazi inabakia ajali ya kazi. La pili: njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi inahesabiwa pia. Anayegongwa na kamio asubuhi akienda kuchukua zamu yake asiseme tu «ni bahati mbaya ya barabara».

Basi swali la kwanza kwa familia liwe hili: «CNSS bameisha kujulishwa?» Kutangaza ajali ni kazi ya patroni. Kama amenyamaza, mgonjwa ao jamaa yake aende mwenyewe ku biro ya CNSS Kolwezi na makaratasi ya munganga. Kama patroni hakumwandikisha, lile ni kosa la patroni, si la mfanyakazi. Lipelekwe pia kwa enspekta wa kazi.

Neno moja kwa bamama. Mjane anaombwa mukanda wa ndoa, na watoto mikanda ya kuzaliwa. Ndoa ya mahari peke yake, isiyoandikwa ku biro ya leta, inaleta taabu kubwa siku ile. Tarehe 8 Machi 2016 ukuta wa shimo la KOV, hapa Kolwezi, ulianguka na wafanyakazi 7 walikufa. Ajali kama ile haipigi hodi. Tuandikishe ndoa na watoto wakati wote tuko wazima.

Patroni wako ni nani?

Swali hili linaonekana rahisi, lakini hapa kwetu njo linaangusha madai mengi. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na CAJJ ya hapa Kolwezi walitoa uchunguzi juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi, 57%, hawakuajiriwa na mgodi wenyewe. Walikuwa chini ya kampuni za kukodiwa, zile tunaita «sutretansi». Kijana anavaa kasike yenye jina la sosiete kubwa, anaingia kwa mlango wake, lakini mukanda wake wa kazi uko na jina lingine. Akishitaki jina la kasike, anaweza kuambiwa: «Huyu hatumujue.»

Angalia nani anakulipa, nani anakupa amri, na jina gani liko juu ya karatasi ya mshahara na juu ya kalati yako. Andika yote. Ukienda kwa enspekta ao kwa avokati, yeye njo atachagua nani aitwe, pengine wote wawili.

«Na mimi siko na kontra, nafanya siku kwa siku tu.» Usikate tamaa. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema hivi: mtu wa siku kwa siku aliyefanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akirudishwa kazini mbele ya miezi ile kuisha, anahesabiwa sawa mfanyakazi wa kontra isiyo na mwisho. Na kama hakuna maandishi, mfanyakazi anaruhusiwa kuonyesha kazi yake kwa njia yoyote ya haki: mashahidi, mesaji za telefone, foto, daftari la kapita. Kwa hiyo kila anayefanya kazi ya siku awe na kadaftari mu mufuko: tarehe, mahali, jina la kapita, makuta aliyopokea.

Kuko kundi ambalo mlango huu hauwafunguki vizuri: wachimbaji wa mikono. Tarehe 27 Juni 2019 watu 43 walikufa ndani ya shimo la KOV, walipoingia kuchimba bila kibali. Hawakuwa wafanyakazi wa sosiete, kwa hiyo tribinali ya kazi haikuwa mlango wao. Tuseme ukweli: mchimbaji asiye na mwajiri yuko na njia nyembamba sana siku udongo unaanguka. Baba anayemuruhusu mtoto kuacha shamba kwenda kuchimba ajue hilo mbele, si nyuma.

Milango ya kudai

CNSS ikiwa imefanya kazi yake vizuri, na patroni ametunza mtu wake, pengine hakuna cha kushitaki. Lakini kuko hali ambazo lazima kwenda mbele: patroni hakumwandikisha mtu, anakataa kulipa hopitali, amemufukuza juu ameumia, ao ajali ilikuja kwa uzembe wake wa wazi.

Enspekta wa kazi. Ugomvi wa mfanyakazi na patroni hauanzii ku tribinali. Sheria inalazimisha kupita kwanza kwa enspekta ajaribu kupatanisha. Ukienda moja kwa moja, juji atakurudisha. Enspekta anaita pande zote. Mkipatana, anaandika PV ya mapatano, na ile si karatasi ya mchezo, maana inaweza kupewa nguvu ya hukumu. Msipopatana, anaandika PV ya kutopatana, na ile njo ufunguo wa kuingia ku tribinali. Madai mengi yanaweza kuishia hapa, bila avokati.

Tribinali ya kazi. Hapa juji anasikiliza yaliyobakia: mishahara, matunzo, kufukuzwa. Mfanyakazi anaweza kusindikizwa na avokati ao na mtu wa sindika yake. Mujue hili: kuleta malalamiko juu ya patroni si sababu halali ya kufukuza mtu. Aliyefukuzwa bila sababu halali anaweza kurudishwa kazini, ao kulipwa. Malipo yale hayawezi kupita mshahara wa miezi 36.

Parke na korti za kawaida. Sheria ya makosa inaadhibu mtu anayeua ao kuumiza wengine kwa kukosa uangalifu, hata bila kukusudia. Na Sheria ya mikataba ya tangu 1888, mu artikle 258, inasema anayeharibia mwenzake kwa kosa lake anapashwa kutengeneza. Artikle 260 inamufikia pia bwana wa mtu aliyefanya kosa lile kazini. Njia hii inafaa sana kama aliyekuumiza ni mtu wa pembeni, mfano dereva wa kamio ya kampuni nyingine. Lakini ni njia nzito. CNSS haiulizi kosa. Hapa weye mwenye kudai njo unabeba mzigo wa kulionyesha. Na korti haitakulipa mara ya pili kile ulichokwisha kulipwa.

Siku ya kwanza inaamua mengi

Ushahidi ni sawa mbegu: usipoutunza mapema, msimu ukifika huna cha kupanda. Kisha ajali, familia ifanye hivi:

– Munganga aandike mukanda wenye tarehe, kiungo kilichoumia, na maneno «ajali ya kazi». Hopitali ikiandika tu «jeraha», kesho patroni atasema uliumia ku nyumba ukikata kuni.
– Foto za jeraha, za mashine na za mahali, kama inawezekana.
– Majina na namba za telefone za wenzake wawili ao watatu walioona. Leo bako, kesho bamehamia Likasi.
– Kopi za kalati, karatasi za mshahara na mesaji zote. Zilazwe mu nyumba mbili tofauti.
– Kila franga iliyotoka: dawa, taksi, chakula cha hopitali. Andika, na chunga risiti.

Kuko pia muda. Madai yanayotoka ku kontra ya kazi yanakufa kisha miaka 3. Madai ya mshahara usiolipwa yanakufa mapema zaidi: mwaka 1. Patroni anayesema «ngojea, tutaangalia», mwezi kwa mwezi, pengine iko na roho muzuri, pengine anangojea saa yako ipite. Ngojea, lakini barua yako kwa enspekta iwe imekwisha kufika, na kopi yenye tampo ibakie kwako.

Mukanda wa haraka

Hapa njo watu wengi wanapotea. Tuchukue mfano wa kutunga. Kijana anapondwa vidole na mashine. Mshahara wake ni dola 250 kwa mwezi. Siku ya tano mtu wa biro anafika ku kitanda na dola 400 na karatasi ya Kifaransa: «Saini tu hapa, ni ya kuonyesha tumekusaidia.» Mu nyumba hakuna bunga. Dola 400 ni nyingi siku ile.

Lakini piga hesabu. Akikaa miezi 8 bila kazi, mshahara uliopotea peke yake ni dola 2,000. Bado hatujahesabu vidole ambavyo havitarudi kushika jembe. Na ile karatasi pengine inasema hatadai tena kitu chochote.

Shauri letu ni hili: kupokea msaada si kosa, kusaini usichoelewa njo hatari. Omba kopi, omba siku mbili, tafuta mtu wa kuisoma: mwalimu, sekretere wa koperative, mtu wa sindika. Patroni mwenye nia njema hatakataa siku mbili. Kama wanakataa kopi, lile ni jibu pia. Kama mnapatana, patanieni mbele ya enspekta, kiasi kiandikwe, na tarehe ya kulipa iandikwe.

Je, inafaa kushitaki?

Sasa familia ikae chini. Msiulize tu «tuko na haki?» Ulizeni maswali haya matano, na mjibu kwa kalamu:

1. Tunataka nini hasa? Matunzo, mshahara, kurudi kazini, ao patroni aonyeshwe kosa lake? Matunzo na pensheni vinapatikana CNSS. Kurudi kazini kunapita kwa enspekta na tribinali. Adhabu iko ku parke.
2. Tunaweza kuonyesha nini? Maneno ya kinywa peke yake ni machache. Mukanda wa munganga pamoja na mashahidi wawili ni mwanzo mzuri.
3. Anayeshitakiwa anaweza kulipa? Kampuni ndogo isiyo na biro wala akaunti inaweza kupotea kisha hukumu. Hapo inafaa kuangalia kama sosiete kubwa iliyoikodi inaguswa pia.
4. Itatula ngapi? Hesabuni si avokati tu. Hesabuni kamio ya kutoka kijijini mpaka Kolwezi, mara ngapi, na siku za shamba. Kesi ikiitwa mwezi wa 11, mvua imeanza na mbegu inangoja, nani atapanda?
5. Tunaweza kubeba muda? Kesi inaweza kuahirishwa mara nyingi. Mgonjwa ale nini kwa wakati ule?

Kama majibu ya 1 na 2 ni mazuri, msikubali ya 4 iwafungie mlango mbele ya kujaribu njia za bei ndogo. Kwa enspekta mnaanza bila avokati. Barreau ya avokati iko na biro ya mashauri ya bure kwa wasio na uwezo. Ulizeni pale, ao ku CAJJ. Asiye na kitu anaweza kutafuta pia mukanda wa umasikini wa leta, juu ya kupunguziwa malipo ya korti. Mkichukua avokati wa kulipwa, mapatano yaandikwe: anapokea ngapi sasa, ngapi mwishoni, na makuta ya ushindi yanapita mikononi mwa nani. Na kitu kimoja tunasema bila kuzunguka: msiuze shamba juu ya kuanza kesi. Shamba njo litalisha mgonjwa hata kesi ikianguka.

Kama ushahidi ni mdogo na CNSS imekubali kulipa, kuacha kesi kunaweza kuwa akili. Kama mtu amefukuzwa na mguu ungali mu plastere, na wenzake wako tayari kusema, kuacha ni kumwachia patroni amfanyie na wa kesho vile vile. Watu wanne ao watano wa timu moja wakienda pamoja kwa enspekta, neno lao linasikiwa tofauti na la mtu mmoja.

Juu ya kesi za mbali

Wengine wamesikia kwamba Wakongomani walishitaki makampuni makubwa Marekani. Ni kweli. Mu Desemba 2019, mashitaka yalipelekwa Washington kwa jina la familia za watoto waliokufa ao kuumia mu mashimo ya kobalti ya kwetu. Walioshitakiwa walikuwa Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla. Juji alikataa kesi mu Novemba 2021, na korti ya juu ya Washington ilishikilia vile vile tarehe 5 Machi 2024. Korti ilisema kununua kobalti kwa njia ya soko refu namna ile hakutoshi kuwafanya wawe washiriki wa kosa. Hatusemi haya juu ya kuvunja watu moyo. Tunasema juu mtu asifike akiomba saini na makuta ya «kesi ya Ulaya», na weye uache CNSS na enspekta walio karibu, mpaka miaka 3 inapita.

Na koperative yetu?

Neno la mwisho linatugusa sisi wenyewe. Sheria ya Kazi ni ya wapatroni wote, si ya migodi tu. Koperative inayolipa mtu wa kusaga mahindi, dereva, mlinzi wa depo, ao vijana wa kupiga dawa mu mashamba, ni patroni. Mkanda wa kinu unaweza kukata mkono sawa na mashine ya mgodi, na dawa ya wadudu inaingia kwa ngozi na kwa pumzi. Siku ile yule kijana atakuwa na haki zile zile tulizoandika hapa, na atakayeitwa kwa enspekta ni prezida wa koperative.

Kwa hiyo, kwa mkutano wenu ujao, mchukue dakika 30 mjibu: Nani anafanya kazi kwetu zaidi ya siku 22 ndani ya miezi miwili? Ameandikwa CNSS? Mkanda wa kinu umefunikwa? Anayepiga dawa iko na gant na maske? Ajali ikitokea, nani anaandika na nani anapeleka? Sekretere aandike majibu mu PV ya mkutano, pamoja na jina la mtu mmoja ambaye wanachama watamfuata siku mtoto wao anaumia ku kazi, mbele mtu yeyote hajasaini kitu.